Kubebwa Hadi Ghorofa ya Nne

Nakumbuka, mwanangu Halima, Ijumaa moja niliyosikiliza hotuba nzima ya msikitini nikiwa dirishani, ghorofa ya nne. Si kwamba nilipenda. Walionipandisha na kiti changu cha magurudumu walikuwa wamekwenda kucheza mpira, wakanisahau huko juu. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi hakuna aliyeningoja.

Nakuambia haya kwa sababu jana ulikaa hapa kwangu Uthiru, ukamaliza mahamri yangu yote, kisha ukaniambia macho yako hayafiki ubaoni, unanakili kwa rafiki yako, mtihani unakuja, na mhadhiri hujamwambia kitu. "Sitaki kusumbua watu, mjomba." Maneno hayo nayajua. Niliyabeba chuoni kuliko nilivyobeba vitabu.

Miguu yangu hii, kama ujuavyo, polio iliichukua nikiwa mdogo. Chuo chetu kilikuwa katikati ya jiji, na darasa letu lilikuwa ghorofa ya nne. Lifti ilikuwepo, lakini ilikufa kabla sijafika, wala hakuna aliyeizika. Basi wenzangu wanne, wakiongozwa na Barasa, kijana wa Kakamega mwenye mabega mapana, wakajitolea kunibeba na kiti changu. Asubuhi pandisha, jioni shusha. Wakiuliza kama naumia, nasema hakuna shida. Walipogonga goti langu ukutani, hakuna shida. Walipobishana mambo ya mpira katikati ya ngazi, kiti kimeinama, mimi naiona sakafu ya chini kabisa, bado hakuna shida. Na choo kilikuwa chini. Hilo usiniulize.

Ijumaa hiyo waliponikumbuka, jua lilikuwa linazama. Barasa alipanda mbio, akihema. "Pole, bana. Tulidhani umeshaenda msikitini." Nilitaka kumuuliza nimeenda kwa mabawa gani. Nikasema hakuna shida.

Nilikuwa nakaa Kangemi kwa shangazi yangu Mwanaisha, mwanamke wa Lamu mwenye sauti ndogo na ulimi mkali. Aliponiona nimechelewa hivyo, na njaa usoni, alinidodosa mpaka nikamweleza yote. Kisha akauliza jambo moja tu: mtihani utafanyiwa wapi? Nikamwambia huko huko juu, wiki ijayo, na anayechelewa hapewi karatasi, anarudia mwaka.

"Na hao vijana wakishikwa na mpira siku hiyo?"

Nikafungua kinywa.

"Ukiniambia hakuna shida," akasema, "leo huli."

Jumatatu alinisindikiza hadi kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye maneno mazuri. "Mama, huyu kijana hajawahi kulalamika. Na wenzake wanambeba kwa upendo."

"Upendo naujua," shangazi akajibu. "Hata jeneza hubebwa kwa upendo. Twende ukanionyeshe hilo darasa."

Mkuu akakohoa. "Ngazi siziwezi, mama. Goti linanisumbua. Ndiyo maana niliomba ofisi ya huku chini."

Shangazi akanitazama mimi, si yeye. Nilitaka kucheka, nikaogopa. "Basi hakuna shida, mwalimu," akasema kwa adabu zote za Lamu. "Vijana wapo, na upendo wanao."

Wanafunzi walikuwa wamejaa mlangoni, na mkuu alikuwa na heshima ya kulinda. Mimi nikahamia kwenye benchi, yeye akakalia kiti changu. Barasa na wenzake wakanyanyua. Ngazi za kwanza mkuu alitabasamu, akatupungia mkono. Walipofika kwenye kona, mmoja wao alishindwa kuzuia kicheko. Kiti kikalala upande, miwani ikatangulia chini, na mkuu akamkumbatia Barasa shingoni kama mtoto anayekataa kuogeshwa.

"Nishusheni. Polepole, baba, polepole. Nishusheni."

"Sema asante, mwalimu," shangazi akamwambia kutoka chini.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mkuu aliposhushwa alifuta jasho. Kisha akauliza ufunguo wa kile chumba cha chini, kilichojaa madawati mabovu, anao nani. Mchana ule ule madawati yakatolewa. Mtihani nikaufanyia humo, nikiingia kwa magurudumu yangu mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Nilitokwa na machozi kabla hata ya kufunua karatasi. Na nilifaulu, usidhani.

Lakini kilichonichoma ni maneno ya Barasa. Alikaa karibu nami siku darasa letu lilipohamia chumba hicho cha chini, ameshika kiuno. "Mgongo wangu umekwisha, bana. Tangu mwaka wa kwanza. Niliogopa kukuambia, ungeona ni kama nakukataa. Na wewe mbona hukusema?" Yaani tuliumia pamoja, kila mmoja akimficha mwenzake, na chumba kiko pale pale chini kimelaza madawati.

Halima mwanangu, mficha uchi hazai. Kesho nenda kwa mhadhiri umwambie waziwazi: macho yangu hayafiki ubaoni, naomba maandishi makubwa kabla ya darasa, na muda wa kutosha kwenye mtihani. Usianze na samahani. Hujaenda kuomba sadaka, umeenda kuomba kusoma, kama wenzako wanavyosoma. Na huyo rafiki unayenakili kwake, muulize kama naye hajachoka. Anakupenda, sikatai, lakini hata Barasa alinipenda. Mhadhiri akikuambia hujawahi kulalamika, nipigie simu. Shangazi hayupo tena, Mungu amrehemu, ila kiti ninacho.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie milango, na akuanzie na ile ya chini.