Soda Nilizomsingizia Ludene

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida ilikuwa Alhamisi. Mke wangu Ludene alioka vile vimikate vyake, akavimwagia mchuzi mzito wa soseji juu, akakaa upande wake wa meza na yai moja. Alikuwa na kisukari, alipima kila kitu. Mimi nilikuwa na soda yangu.

"Saa moja asubuhi, mzee, na chupa tayari?"

"Nasukutua mdomo tu."

Akacheka. Ndivyo tulivyoishi miaka arobaini na sita.

Ludene alikuwa mpishi wa shule hadi magoti yalipomshinda. Watoto aliowapakulia maharage ya nyongeza leo wana wajukuu, na bado wanamtaja. Mgodi wa makaa ya mawe nilimofanya kazi ulipofungwa, na mapafu yangu nayo yakagoma, yeye ndiye aliyejaza fomu ya kadi ya chakula ya serikali, ile inayowalipia chakula dukani wasio na kipato. Mimi sikutaka. Shule niliiacha mdogo, fomu zilikuwa kazi yake, na aibu ilikuwa kazi yangu. Basi akawa anakwenda dukani mapema kabla watu hawajajaa. Mimi nabaki kwenye pikapu. Hakuna aliyejua kwamba tuna kadi.

Msimu wa majani kupukutika, mjumbe wa bunge la jimbo alikuja kwenye ukumbi wa zimamoto. Alitaka kusikia maoni ya watu: kadi ya chakula iendelee kununua soda, au izuiwe? Wengi walisimama. Nikasimama na mimi. Hakuna aliyeniuliza.

"Mwenye kiu anywe maji," nikasema. "Soda anunue kwa jasho lake."

Nikapigiwa makofi. Ludene alikuwa nyuma, anagawa kahawa.

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Maji yapi, mzee? Haya yetu yanayotoka bombani mekundu kama chai ya rangi?"

Huku bondeni maji yaliharibika tangu mgodi ulipopita chini ya visima. Soda tumekua nazo. Tulishuka nazo mgodini ndani ya ndoo zetu za chakula.

"Na sisi je?" akaendelea. "Kadi si tunayo?"

"Sisi wazee haituhusu. Wanawasema wale vijana wasiotaka kazi."

"Wamesema hivyo?"

"Inajulikana."

Haikujulikana popote. Nilijitungia. Kichwani mwangu sheria ile ilikuwa ya watu wengine, watu ambao sikuwajua hata majina.

Sisemi sheria ni mbaya. Daktari wa Ludene angeisifu. Huenda hata meno yangu yangeisifu. Nasema tu kwamba mimi niliitaka kwa ajili ya kupigiwa makofi.

Alhamisi ile niliyoanza nayo, ngazi za duka zilikuwa na barafu. Nikaingia naye, nimemshika mkono. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia humo naye tangu tupate kadi. Viazi vikapita, unga ukapita, mayai yakapita. Kisha binti wa kaunta akasita.

"Bibi, kadi imekataa soda."

"Jaribu tena, mwanangu."

"Siyo mashine, bibi. Ni sheria mpya, imeanza mwezi huu."

Nyuma yetu mtu akaguna. "Ala! Kaka Hobert! Kumbe na nyie mna kadi?"

Alikuwa Estil Bragg, mzee wa kanisa letu. Mgodini tulifanya kazi zamu moja.

"Si wewe uliyetuhubiria maji pale ukumbini?" akasema. "Haya, leo maji yamekufuata!"

Alikuwa anatania tu, ndivyo alivyo. Wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka.

Ningeweza kucheka nao. Ningesema, ni kweli, Estil, ni zangu, sheria imenikamata mwenyewe. Yangeishia pale. Lakini uso uliniwaka, na mdomo ukatangulia.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Kila siku namwambia aache soda, na kisukari chote hicho. Hasikii huyu."

Estil akaacha kucheka. Akaangalia viatu vyake.

Ludene hakugeuka. Alimwambia binti, "Basi ziondoe, mwanangu. Samahani nimewachelewesha." Kisha akaibeba ile katoni ya soda mwenyewe, akairudisha rafuni, goti likimvuta, watu wote wakingoja. Mfukoni nilikuwa na fedha ya kuzilipia. Sikuitoa. Ningeitoa wangejua ni za nani. Nikashika mfuko wa viazi, nikasimama kama mtu anayengoja mvua iishe.

Nyumbani alinisaidia kuvua viatu kama siku zote. Kesho yake alioka. Mchuzi ulikuwa uleule, yai lake lilelile. Ila hakunitania. Nikakaa na kikombe cha kahawa mbele yangu, nangoja anichokoze, anitukane hata. Akaniuliza kama nataka chumvi.

Ikawa hivyo siku kumi na moja. Kila asubuhi nilikuwa na neno mdomoni, na kila asubuhi nikalimeza na mkate.

Siku ya kumi na mbili moyo wake ulimwangusha jikoni. Hospitali wakasema nikae naye, na kwa namna walivyosema nikaelewa kwamba hatarudi nyumbani. Nikasogeza kiti. Alikuwa amefumba macho.

"Ludene," nikasema. "Siku ile dukani nilikusingizia. Nilimwonea aibu Estil."

Nilidhani amelala. Akafumbua macho, akaniangalia. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini nilisikia kila neno, na ninaliandika kama alivyolisema.

"Estil alijua ni zako, Hobert. Amekula na wewe chini mgodini miaka kumi na tisa. Mimi ndiye ambaye sikujua kama ungesema vile."