Malakite ya Ukutani

Lupango letu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, linaishia kwenye ukuta wa matofali mekundu, uliojengwa na wazungu kuzungushia kambi yao. Kambi ilikwisha, wazungu wakaenda, na matofali mengi yamegeuka majiko ya watu. Kipande chetu tu ndicho kimebaki kimesimama, na kivuli chake ndicho ofisi yangu. Mke wangu husema mimi na ukuta tunafanana, ila ukuta hauombi chai.

Mvua zilipotulia, mdogo wa mke wangu, aliyetoka Lubudi kuja kuchimba kobalti na akafikia kwetu, aliona chini ya ukuta pamekuwa kijani. Mtu wa huku akiona kijani, haoni majani, anaona malakite, jiwe la shaba. Akapiga magoti, akakwaruza kwa ukucha, akanusa, kisha akalamba. Yeye madini huyapima kwa ulimi.

"Shemeji, hii iko malakite. Nasikia kachumvi."

"Kachumvi?"

"Kachumvi kabisa. Mushipa inapita chini ya ukuta. Tubomoe."

Kesho yake akaleta wenzake wawili na baramini, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe. Nilijiweka kati ya chuma na ukuta, nikiwa bado kitini. Sekondari niliimaliza; nikatafuta hoja nzito, nikapata hii tu:

"Sasa jua, mi nitalikimbia wapi?"

Wakacheka. Mke wangu akatoka jikoni.

"Mbele ya kubomoa, muzunguke ng'ambo, muone mushipa inatokea wapi."

Kuzunguka si mbali, lakini mimi sikuwahi kufika huko. Kwangu ukuta ulikuwa na upande mmoja. Tulipozunguka, tukakuta ng'ambo ni kichochoro cha kwenda sokoni. Mtu alikuwa ameandika kwa rangi, herufi kubwa: ANAYEKOJOA HAPA NI MBWA. Chini ya maandishi hayo baba mmoja mwenye koti safi alisimama, ametupa mgongo.

"Jambo, batata," alisema, akituita akina baba bila kugeuka. "Mungoje kidogo, namaliza."

"Polepole tu, tata," mchimbaji mmoja akamjibu kwa heshima. Kisha akamgeukia shemeji yangu. "Ndugu, mugodi yako ingali inazaa."

Baramini ikarudi begani. Tulipofika nyumbani, shemeji akaomba maji ya kusukutua. Akaomba tena. Mara ya tatu dada yake akamletea ndoo nzima, akaiweka mbele yake, akarudi jikoni.

Tulimsikia akicheka huko peke yake mpaka ugali ukaiva.