Mama Mkwe Nyuma ya Goli

Msimu ule timu yetu ya Gorong'a ilipochukua ubingwa, mume wangu alifunga magoli mengi kuliko mchezaji yeyote, na mama yangu mzazi hakuruhusiwa kuona hata moja. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo, ni desturi tu. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaangaliani usoni, hawapeani mkono, hawakai kwenye chakula kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Sasa mwanaume amevaa bukta, mapaja yote nje, halafu mama mkwe amwone? Weee! Bora ardhi ipasuke.

Zamani haikuwa shida. Mpira ulikuwa wa jioni, watu wakishatoka shambani, na mume wangu akisikia kwamba mama anapita barabarani alikuwa anatoka mbio anajificha kwenye mahindi. Wenzake wanaendelea pungufu. Mama akishapita, anarudi na majani kichwani, na hata timu pinzani wanamcheka kidogo wanampa mpira aanze.

Kisha akaja tajiri wa Sirari. Kijana tu, wakala wa kutoa mizigo pale mpakani na Kenya, baba yake wa hapa lakini yeye amekulia mjini. Akainunulia timu jezi na viatu vya njumu, akawaambia wachezaji kwamba kuanzia sasa watalipwa kila mechi. Kulipwa kwa kucheza mpira! Mzee jirani yetu alikuja nyumbani kuuliza kama ni kweli. "Mnalipwa kukimbia?" akasema. "Mbona mbuzi wangu wanakimbia bure?" Mume wangu ni fundi wa kufyatua matofali, mtu wa maneno machache, akabaki anacheka tu. Mimi nilifurahi, nisiwe mwongo. Lakini tajiri alikuja na sheria zake, na ya kwanza ilikuwa kwamba anayelipwa hatoki uwanjani mpaka refa apulize kipenga cha mwisho. Mambo ya kuingia kwenye mahindi yakaishia hapo.

Mama yangu alikuwa anaishi peke yake mlimani, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Mjane, mkali, na mpenzi wa mpira ambaye sijaona mfano wake. Redio yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani na bado alikuwa anailalia sikioni. Lakini macho yalikuwa yanamwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Tulimwambia kuna madaktari wanakuja wilayani kufanya upasuaji, akatufukuza. "Kisu jichoni? Nenda kachinjwe wewe kwanza."

Kwa hiyo kila Jumatatu mimi ndiye nilikuwa macho yake. Nilikuwa nikipanda kwake na kumpangia punje za mahindi kwenye ungo, huyu kipa, hawa mabeki, na punje moja nyekundu ndiyo mume wangu. Alikuwa ananisumbua huyo mama! "Alipokea kwa mguu gani? Beki alikuwa wapi? Acha kuruka ruka, rudi nyuma." Jina la mkwe wake halitamki, kwake ni "mtu wako" siku zote. Na Jumatatu moja, ungo ukiwa magotini, akasema, "Kabla haya macho hayajafunga kabisa, natamani nimwone mtu wako akicheza. Mara moja tu."

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu Gorong'a anajua. Nikamwambia, "Mama, unajua haiwezekani, kwa nini unaniumiza roho?"

"Najua haiwezekani," akasema. "Nimesema natamani. Sijasema nakuja."

Basi akaja. Fainali ilikuwa ichezwe uwanja wa karibu na Sirari, mbali na kwake, mvua ikaujaza maji, wakaihamishia uwanja wa shule ya msingi, chini kabisa ya mlima wake. Wapinzani walikuwa vijana wa Ringwani, kutoka Serengeti, wamekuja na lori zima la mashabiki na filimbi. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, limefungwa kwenye mti nyuma ya goli la upande wa barabara. Mimi nilikuwa upande wa akina mama nashangilia mpaka sauti inapasuka, sina habari. Mpaka mapumziko tulikuwa moja moja, na mume wangu alikuwa bado hajafunga.

Timu zikabadilishana magoli. Hapo ndipo nilipomwona. Nyuma kabisa ya goli la upande wa shule, goli ambalo mume wangu alikuwa anakwenda kulishambulia kipindi kizima cha pili, mama yangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani. Vijana walimwona bibi anapapasa njia, wakamhurumia, wakamletea kiti, wakamweka mahali pa karibu kwa sababu ya macho yake. Walikuwa vijana wa mjini waliokuja na tajiri, hawakujua ni mkwe wa nani. Jamani! Ukitafuta dunia nzima mahali pabaya pa kumweka mama mkwe wa mshambuliaji, hupati zaidi ya pale.

Mume wangu alishamwona. Alikuwa amekaa chini katikati ya wenzake, amejifunika koti la kocha kuanzia kiunoni, na haamki. Kocha anambembeleza, "Mura, kijana wangu, simama, watu wanangoja." Tajiri kafika pale anapiga kelele kwamba mtu aliyelipwa hawezi kugoma fainali. Mume wangu akamwambia taratibu, "Chukua hela yako. Mimi pale siendi." Hakuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo maana nilijua haamki. Na wa kumwambia mama aondoke hakuwepo. Nani amwondoe bibi kizee kwenye kiti alichopewa kwa heshima? Wazee wenyewe walikuwa wanaangalia pembeni.

Nikakimbia kwake. Nilikuwa sijui nimgombeze au nimkumbatie. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Amekataa kuingia?"

"Amekataa, mama."

Uso wake ulikuwa umeelekea uwanjani, umenyooka kabisa, unatafuta. Halafu akasimama, akashika kiti chake mwenyewe, akakigeuza, akakaa tena akiupa uwanja mgongo. Mbele yake kukawa na ukuta wa jiko la shule. "Nenda kawaambie simwoni," akasema. "Halafu rudi unihadithie."

Nilikwenda nikasema, nikarudi nikapiga magoti kando ya kile kiti. Mume wangu aliingia. Dakika zote zile nilimnong'oneza mama sikioni, nani anao, nani kapokonywa, kona ya kwao, kipa wetu kadaka. Yeye anaitikia kwa kichwa tu. Karibu na mwisho nikasema, "Mama, anao! Kampiga chenga beki, anakuja huku, mama, anakuja!" Uwanja mzima umesimama. Angegeuza shingo tu angemwona, alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Hakugeuka. Ule mpira uligonga wavu, ni wavu wa samaki tu uliotolewa ziwani, wavu ukavimba mpaka ukamgusa mama kitambaa cha kichwa. Alifumba macho, akapiga mikono yake magotini, akasema, "Limeingia."

Tukawa mabingwa. Wengine walilia, wengine walicheza na lile dume mpaka likaogopa. Mimi nililia pia, lakini machozi yangu yalikuwa ya sababu nyingine.

Jioni nyumbani nilimshukia mume wangu na maneno. Nilimwambia, "Ninyi mmepata ng'ombe, tajiri amepata sifa, mama yangu amepata ukuta wa jiko." Sikumwachia nafasi ajibu. Alikula nusu akasukuma sahani, akaenda kukaa nje. Nilidhani amechukia. Nilimpenda hata hivyo, na nilijua hana kosa, lakini kifua kilikuwa kinaniwaka na sikuwa na mwingine wa kumwagia.

Jumapili, baada ya ibada, hakuvua nguo za kanisani. Akachukua mpira chini ya kitanda. "Mama watoto," akaniambia, "tangulia kwa mama. Mwambie akae mlangoni." Nilivuka mto nikapanda mlima kwa haraka, nikamtoa mama nje, nikamkalisha kwenye kigoda.

Mume wangu alibaki kule chini barabarani, mbali kama heshima inavyotaka, na suruali yake nyeusi ya ibada na misiba, na shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Akaanza kucheza. Peke yake! Anadanadana, anapiga chenga miti, anauinua na kisigino, anauweka begani, ng'ombe wa watu wanamshangaa. Jasho limeloanisha shati zima. Nguo yake ya maana ni hiyo hiyo, na alikuwa anaigaragaza kwenye vumbi.

Mama alikuwa ameinama mbele, mkono juu ya macho. Nikaanza kumhadithia kama kawaida, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Akaangalia muda mrefu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na aliyafuta upesi kwa sababu yalikuwa yanamzibia.

"Unamwona?" nikauliza.

"Naona kitu cheusi kinatembea," akasema. Akakaza macho tena. Kisha akashika mkono wangu, na mama huyu, ambaye miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kumtumia mkwe wake neno lolote isipokuwa salamu, akasema, "Mwambie asogee."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Mama?"

"Asogee karibu. Mimi ni mzee, sioni. Mwambie."

Nikamwita kwa sauti nikamwambia. Mume wangu akasimama, mguu juu ya mpira, akatuangalia. Halafu akaanza kupanda mlima.