Kinu Kando ya Ukuta

Majuzi, kwenye shughuli ya harusi, nilisikia mchi ukipiga kinu, nikaacha sahani yangu na kutoka nje kama niliyeitwa. Kumbe ni mpishi tu anatwanga tangawizi. Nikabaki nimesimama pale, nikimkumbuka mama.

Kwetu Mikanjuni, Tanga, miaka ile ya foleni za sukari, nyumba zilikuwa za udongo na watu tulipita uani kwa wenzetu bila kubisha hodi sana. Mama alikuwa na ugonjwa wa tende, mguu mzito usiomfikisha mbali. Ila kichochoro cha ubavuni kilimfikisha kwa shoga yake, Bi Mwanakombo, na huko ndiko alikocheka. Nyumbani kwetu hakuwa na kawaida hiyo.

Kisha biashara ikafunguliwa, saruji ikajaa madukani. Tulifurahi jamani, baba kuliko wote. Mtu mmoja akanunua kiwanja cha katikati, akakizungushia ukuta, na kichochoro kikaishia hapo. Kwenda kwa Bi Mwanakombo ikawa safari: mpaka barabara kuu, uifuate weee, ndipo urudi kwa mtaa wa nyuma. Mguu wa mama haukuiweza.

Basi akahamishia kinu chake chini ya ukuta. Kila alasiri alitwanga kisamvu, ananyamaza kidogo, na ng'ambo mchi mwingine unaitika.

"Mama, hapa jua," nilimwambia.

"Hebu niache na kivuli changu."

Kivuli chenyewe hakikuwepo. Nilimwona mama yangu wa ajabu kweli.

Alasiri moja ng'ambo kukawa kimya. Ya pili pia. Mama akanituma. Nilizunguka kote huko, nikakuta kufuli mlangoni.

"Mwanawe kaja kumchukua, kampeleka Pangani. Anaumwa," jirani akaniambia. "Kamuulizia sana mamako, lakini mwenyewe kutembea hawezi, na gari lilikuwa linangoja."

Nilipomweleza, mama alirudi kwenye kinu chake. Akashika mchi, akatwanga kisamvu kilichokwisha kulainika, akanyamaza, akatwanga tena. Mimi njaa inaniuma, nanung'unika kwamba mama naye kwa kupenda vitu laini.

Leo nina nyumba yenye ukuta pande zote, na jirani nisiyemjua hata jina. Sasa ndiyo najua kwa nini alikuwa akinyamaza. Alikuwa bado anasikiliza.