Hoho Zilale Kwanza

Mume wangu aliingia kwenye kilimo cha kisasa kupitia simu. Alitazama video wiki nzima, kisha akajenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yetu ya Kunduchi, pale nilipokuwa naanika nguo. Miti, nailoni, mlango mmoja, basi. Akapanda hoho. Asubuhi alizijulia hali hizo kwanza, ndipo akumbuke kuwa ana mke, tena mjamzito.

Mlango ulihitaji wavu wa kuzuia inzi weupe wanaofyonza majani. Kliniki walikuwa wamenipa chandarua chenye dawa, kama wanavyompa kila mjamzito. Siku moja natoka sokoni nikakikuta kimetundikwa mlangoni kwa hoho, kimenyooshwa vizuri kuliko kilivyowahi kunyooshwa kitandani.

"Mke wangu, kile kina dawa," alinieleza, utadhani nilipewa kwa ajili ya urembo. "Wewe nimekuletea kingine."

Hicho kingine kilikuwa cha dukani, hakina dawa, saizi ya kitanda cha bweni. Mgongo na miguu viligusa wavu, na mbu wakaninywa kwa nje bila kujisumbua kuingia. Mimba yangu ya kwanza ilitoka kwa malaria. Yeye ndiye aliyenikimbiza hospitali, akalia korido nzima ikasikia. Nilimkumbusha hilo. Akasema tutaona. Niliogopa kila nilipohisi baridi kidogo, na nilimchukia kila nilipomsikia akipiga mluzi kule nyuma.

"Mama, unalala kwenye chandarua?" nesi aliniuliza kliniki.

"Hoho ndiyo zinalala," nikamjibu. Alidhani natania.

Kisha wadudu mafuta wakayavamia majani. Mume wangu, ambaye sasa hakutaka kupulizia sumu kwenye chakula, akaagiza wadudu rafiki: vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi, ambavyo hula hao wadudu mafuta. Vilikuja ndani ya kopo. Alivifungulia kwa sauti laini ambayo mimi sijaisikia tangu fungate. "Karibuni, karibuni, jisikieni nyumbani."

Wageni wakafuata mwanga, yaani mlangoni, wakatambaa juu ya chandarua changu. Kesho yake walikuwa chini, miguu juu. Dawa ya mbu haiulizi nani rafiki nani adui, mdudu ni mdudu. Mume wangu alipiga magoti akawaokota mmoja mmoja, na naapa machozi yalimlenga. Akampigia simu bwana shamba wa kata.

"Chandarua chenye dawa? Kitoe, braza, unawaua!" Nilimsikia hadi jikoni.

Nilichoomba mimi tangu hoho hazijatoa ua, bwana shamba alikipata kwa simu moja. Mume wangu alikishusha saa ileile, akakikung'uta, akaja kukitundika chumbani. Akachomeka pindo chini ya godoro pole pole, pande zote, hata moyo ukaanza kunilainika.

"Sasa hawatakufa tena," alisema.

Nikashika tumbo. "Kina nani?"

Alinishangaa. "Si wadudu wangu, jamani?"