Neno Nililolikata Kwenye Mchoro

Habari za kifo cha mwenzetu zilinikuta asubuhi kwenye maegesho ya ofisi yetu hapa Irving, kikombe cha chai mkononi. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limejaa picha za mishumaa na viganja vya kuomba, na watu ambao hawakumpigia simu mwaka mzima walikuwa wakiandika kwamba tumepoteza nguzo. Moyo wake ulisimama ghafla huko Alief, Houston, akijiandaa kwenda kazini. Nilihuzunika, msinielewe vibaya. Lakini kabla huzuni haijakaa sawasawa nilishikwa na aibu, na leo nitaeleza kwa nini, hata kama nitawaudhi baadhi yenu mnaonisoma kila wiki.

Marehemu alikuwa Mkenya, mhandisi wa maji. Kwenye mazungumzo ya watu alipandishwa cheo mpaka akawa mtu wa kurusha roketi, na alikanusha hadi akachoka. Kazi yake ilikuwa kukokotoa kwa kompyuta maji yatapita wapi mvua kubwa ikinyesha. Alichukua ramani ya mahali, akaikata katika visanduku vidogo vidogo, kisha programu yake ikapiga hesabu ya maji yanayoingia na kutoka katika kila kisanduku, sekunde baada ya sekunde. Mwishoni alichora matokeo kwa rangi: nyeupe ni pakavu, buluu ni maji kidogo, nyekundu ni hatari. Siku moja nilimkuta nyumbani kwake akikompaili programu hiyo, yaani kuyageuza maandishi yake yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Mistari iliteremka kwenye skrini ikaishia vizuri, nikampongeza. Alicheka, akanionyesha maonyo matatu yaliyojificha katikati ya mistari ile. "Bwana, code ku-compile haimaanishi iko sawa," aliniambia. "Hizi warnings watu wengi hu-ignore tu. Mimi siwezi." Chakula cha mchana alichoandaa mkewe kilipoa mezani mpaka alipoyamaliza yote matatu, ndipo tukaruhusiwa kula.

Sasa nije kwenye ukumbi. Mnajua jinsi jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, Wakristo na Waislamu, ilivyohangaika kupata mahali pa kukutania. Kamati ilipata jengo kuukuu la duka huko Alief, jirani na mfereji wa maji ya mvua, ikamwomba mhandisi wetu alipime kwa kompyuta yake, bure, kama ndugu. Mimi nilipewa kazi ya kutengeneza kijitabu cha harambee. Nilimsumbua anitumie mchoro wowote ili nipange ukurasa, naye akanitumia wa kwanza. Ulikuwa mzuri kweli: buluu imepita pembeni kwa adabu, jengo limebaki jeupe. Kwenye kona ya juu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa neno JARIBIO. Alinipigia simu kunieleza kwamba visanduku vya mchoro ule ni vikubwa mno. Ukingo wa mfereji una pengo, na kwa visanduku vya ukubwa huo programu hailioni pengo lenyewe. Yeye alikuwa anaangalia tu kama programu inaendeka, basi nisubiri mchoro wa pili. Nikamwambia sawa, hakuna shida.

Sikusubiri. Kamati ilinihimiza, mchapishaji alikuwa na foleni, na neno lile liliharibu sura ya ukurasa. Nililikata. Ni mimi, si mwenyekiti wala mchapishaji, niliyeuvuta mchoro mpaka kona ikatoka nje ya karatasi, kisha nikaweka jina lake chini yake, na cheo chake, ili wachangiaji waone kwamba tuna mtaalamu.

Baada ya wiki moja mchoro wa pili ulikuja, wa visanduku vidogo. Chumba cha nyuma, kile unachoshuka ngazi tatu, kilikuwa chekundu chote. Ndicho chumba kamati ilichokipangia darasa la Kiswahili la watoto wetu kila Jumamosi. Kina mlango mmoja tu wa kutokea nje, na unatazama mfereji. Kwa hesabu zake, mvua kubwa ikinyesha, maji yataingia kwa mlango huohuo na kujaa mpaka kifuani mwa mtoto mdogo, kabla walio ukumbini mbele hawajalowa viatu. Aliupeleka mchoro kwa kamati. Wakamwambia asilete mikosi, jengo limesimama miaka yote hiyo, na kwani ile picha ya kwenye kijitabu si yake, jina si lake? Ndipo akaja kwangu, akaniomba mistari michache tu kwenye safu hii, akanitumia na maneno yenyewe kwa simu. Nilimwambia angoje harambee ipite. Harambee ikapita, jengo likanunuliwa, nikamwambia angoje ufunguzi. Hakuniomba tena. Akaacha kuhudhuria mikutano, nasi tukasema huyu bwana siku hizi anaringa.

Juzi niliendesha gari kwa muda wa saa nne mpaka Houston kwa ibada ya kumbukumbu yake. Iliandaliwa katika ukumbi uleule. Nilipogeuza kijitabu cha ratiba, nyuma kulikuwa na mchoro wangu, ule uliokatwa, umechapwa kwa karatasi ya kung'aa. Mwenyekiti alishika kipaza sauti akatangaza kwamba ukumbi huu ndio ushahidi wa kipaji cha marehemu. Watu wakapiga makofi. Nimehudhuria unafiki mwingi katika maisha yangu, mwingine nimeupamba kwa kalamu hii hii, lakini huu ulinichefua. Tunampenda sana mwenzetu aliyesoma. Tunampiga picha, tunamkalisha meza ya mbele, tunawaonyesha watoto wetu wanaotujibu kwa Kiingereza kwamba mnaona, na ninyi mnaweza. Ila siku akitumia elimu hiyohiyo kutuambia kitu kinachovuruga mipango yetu, ghafla tunamwona mwenye roho mbaya.

Wakati wa kupanga foleni ya chakula mke wa marehemu alinijia. Hakuwa na hasira usoni, na hilo liliniumiza zaidi. Alinyoosha kile kijitabu, akaweka kidole kwenye kona tupu.

"Shemeji," akasema taratibu, "hata leo mmekata hiyo neno yake."

Niliondoka kwenye foleni nikiwa na sahani tupu, nikaelekea nyuma, nikasikia vicheko. Watoto wote walikuwa wameshushwa kwenye kile chumba, ili wasitupigie kelele tukiwa tunamsifu.

Nimejichukia, naandika hivyo bila mapambo. Nilikuwa na safu nzima kila wiki, nimeijaza maoni kuhusu bei za nauli na harusi za kifahari, na sikumpa nafasi mtu aliyeomba mistari michache. Nimejifunza, nikiwa nimechelewa, kwamba kumheshimu mtu wa kazi ni kulichukua neno lake lote, pamoja na lile la kwenye kona linaloharibu ukurasa. Hotuba za juzi hazimfai kitu. Mistari yake ninayo bado kwenye simu, kama alivyoituma, na naiweka hapa bila kugusa herufi.

"Picha iliyo kwenye kijitabu ni ya jaribio, msiitegemee. Matokeo kamili yanaonyesha maji yataingia chumba cha nyuma kupitia mlango wa kutokea. Tafadhali msiweke watoto huko."

Darasa ni Jumamosi hii, kama kawaida. Wazazi, msiwashushe watoto ngazi zile.