Mwenye Unga

Mwaka ambao mama yangu alikubali hatimaye kubatizwa, mimi nilikuwa mpishi kwa mzungu mmoja Myahudi, nje kidogo ya Kitale. Ubatizo ungekuwa siku ya Pasaka, kanisani kwetu Matulo. Mama alikuwa amewakatalia wahubiri miaka mingi, akaja kukubali kwa sharti moja: akiitwa mbele, mimi nimshike mkono. Nikaahidi papo hapo. Ukiwa nyumbani, kuahidi ni rahisi.

Nilipoomba ruhusa, bwana alitikisa kichwa.

"Hapana. Hii Pasaka ya mimi pia. Wageni nakuja."

Pasaka yake ipi, nikajiuliza, na Yesu mwenyewe hamtaki? Lakini kazi ilianza siku hiyo hiyo. Tulisugua jikoni hadi nyufa za meza, tukiwinda makombo, maana chachu haitakiwi nyumbani wiki nzima. Mkate wao, mwembamba na mkavu, ulikuja kwa treni ndani ya sanduku. Wana wa Israeli walitoka Misri mbio, unga wao haukupata nafasi ya kuumuka. Hayo niliyajua tangu darasa la ubatizo. Sikujua kwamba kuna watu bado wanaula mkate huo.

Unga wa ngano, biskuti na wiski vikafungiwa stoo. Siku hizo Myahudi haruhusiwi hata kumiliki vitu vya namna hiyo, kwa hiyo humwuzia mtu wa dini nyingine, kisha sikukuu ikiisha huvinunua tena. Bwana akaniita uani.

"Wewe nunua yote. Shilingi moja." Nikampa, naye akanipa ufunguo wa stoo. Nilidhani ni mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

Jioni ya karamu nilipitisha mboga chungu mezani huku bwana akisoma kitabu chao. Memsab, mkewe, akaninong'oneza maana yake: "Sisi ilikuwa watumwa kwa Farao. Mungu natoa sisi." Ndipo nikatambua kwamba hii ndiyo karamu aliyoila Yesu na wanafunzi wake kabla ya kukamatwa, na kwamba Pasaka yetu ilizaliwa kwenye meza kama ile. Kisha nikashikwa na hasira. Wenzangu pale mezani walikuwa wakimshukuru Mungu kwa kutoka utumwani, na mimi nimesimama na sahani, kipande, kile kitambulisho cha kazi, kikining'inia shingoni. Bila sahihi ya bwana kwenye kipande kile, ningevuka lango tu ningesakwa na polisi kama mtoro.

Asubuhi nikamfuata.

"Bwana, ule unga ni wangu kweli?"

"Kweli kabisa. Sheria ya Mungu."

"Basi nataka kumpelekea mama gunia moja. Na mimi niende nalo."

Nilimwona akitafuta pa kutokea, akakosa.

"Unga ya wewe, peleka," akasema. "Wewe, hapana. Wewe iko na mkataba."

Lori la mahindi lilikuwa likienda Bungoma, na dereva alikuwa mtu wa kwetu. Nikapakia gunia langu, nikalisindikiza hadi langoni. Lenyewe likapita. Mimi nikarudi kuosha sahani.

Nilifika Matulo mkataba ulipokwisha. Mama akanipokea kwa furaha, akasema mkate wa ule unga ulikuwa mtamu, kanisa zima limekula.

"Na ubatizo, mama?"

"Waliniita. Nikatazama mlango. Nikakaa."

Nikamweleza yote: sheria ya Wayahudi, ufunguo, jinsi nilivyombana mzungu kwa maneno yake mwenyewe. Nilitaka acheke. Alisikiliza hadi mwisho.

"Unga hauna mkono, mwanangu," akasema.

Nikaahidi tena, kwa Pasaka inayofuata. Lakini kodi ya serikali haikuwa na huruma, nikarudi kwa bwana yule yule. Mwaka ukazunguka, wiki ya Pasaka ikafika, akaniita uani na kuninyooshea ufunguo wa stoo. Niliupokea.